Baba, Nyasi Hazijafika Dirishani

Baba yangu,

Shikamoo. Bado nakuamkia kila nikipita kaburini kwako, halafu naendelea na kazi zangu kama vile umeitikia. Leo mapacha wamelala wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo humu ndani ni kama mvua ya kiangazi, basi nimekaa kibarazani nikuandikie. Usishtuke, sina habari mbaya. Za namna hiyo ulizisikia za kutosha ukiwa hai.

Unaukumbuka uwanja wako? Watu wa Rugu walikuwa wanautania, wanasema umeacha kiwanja cha mpira mbele ya nyumba ilhali wenzako wamejaza migomba mpaka mlangoni. Ng'ombe wako ndio waliokuwa wanaupunguza, na palipobaki ulimalizia mwenyewe kwa fyekeo Jumamosi asubuhi, redio umeining'iniza kwenye tawi la mti wa mkahawa. Mimi niko nyuma yako nakusanya nyasi kwa mikono, nalalamika zinaniwasha. "Kazilaze kwenye migomba," ulikuwa unaniambia. "Nyasi ni blanketi la mgomba. Anayezichoma amemvua mama yake nguo." Nilikuwa naona unazidisha. Siku hizi nayasema maneno hayohayo, tena kwa ukali.

Ng'ombe waliuzwa ulipozidiwa, na simjutii hata mmoja. Lakini ulipoondoka, nyasi zikajua hakuna mtu.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo alisimama mbele ya ukoo. Hakuna aliyebisha kwamba uliniachia mji huu, nyumba na migomba yake, mimi, maana ulilisema mwenyewe wakisikia. Yeye akasema hivi: "Kaka alimpenda mwanawe, sawa. Ila mtoto wa kike mwenye mapacha mgongoni ataweza mji? Nyasi zikifika dirishani, mji umekufa. Hapo namweka kijana wangu humo, na msinilaumu." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Unajua kwetu nyumba yenye majani mlangoni inavyosemwa. Hata mgeni haigongi.

Nilijaribu, baba. Nilifyeka kidogo, mshono wa upasuaji wa uzazi ukaniuma mpaka nesi akanigombeza kama mtoto. Nikaita vibarua, wakaja walipojisikia. Nikafunga mbuzi, wakazila nyasi siku moja, siku ya pili wakahamia kwenye migomba michanga. Kila asubuhi nilikuwa nafungua dirisha la chumbani kwanza kabla ya kunawa uso, nitazame zimefika wapi. Ikafika siku nikafungua nisilione kaburi lako. Niliona majani tu.

Siku hiyo nilimwambia mume wangu, "Baba Nyangoma, ile pikipiki tuliyokuwa tunaiwekea akiba, basi. Tunanunua mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia." Akanitazama kama niliyesema tununue ndege. Lakini alikuwa ameshaniona nikilia jikoni, hakubisha.

Tulikwenda Murongo, kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Pangani anayeuza mashine zilizotumika, zinazoingia kutoka Uganda. Kabla ya kuondoka nilichukua kamba ya mgomba, nikapima upana wa pale pembamba kabisa, kati ya kaburi lako na mkahawa wa redio. Mume wangu alicheka njia nzima. Na yule muuzaji alipoiona ile kamba akaniuliza, "Mama, umekuja kununua mashine au kumshonea mtu kanzu?"

Nikamwambia, "Isiyopita hapa sinunui."

Mume wangu yeye alishatekwa na limashine moja jekundu. "Mama Nyangoma, hili linavuta hata tela!" Nikamwuliza tela la nani. Kamba ilionyesha halipiti. Tena nikamwuliza muuzaji, mtu akinyanyuka kitini inakuwaje? Akajikuna kidevu. Kumbe zote zinatengenezwa zijizime zenyewe dereva akinyanyuka, ila ile nyekundu fundi alikuwa ameunga waya ili isisumbue. "Isimsumbue nani?" nikamwuliza. "Mimi nina mapacha nyumbani, na Kato ameshaanza kutambaa. Akimwona mama yake anamfuata, nami nikiruka kumzuia visu bado vinazunguka chini." Mzee wa watu akasema, "Umesema kweli, mwanangu," akatupeleka kwenye dogo la kijani lililofichwa nyuma. Akaliwasha, akanyanyuka, puu, likazima. Nikamwomba arudie. Akarudia. Lina pia mfuko mkubwa nyuma wa kukusanyia nyasi. Akasema, "Wenzako huuliza mbio zake, wewe unauliza nyasi zinakwenda wapi." Nikamwambia zinakwenda kwa migomba ya baba yangu.

Wiki za mwanzo nilikata kama mlevi anayerudi nyumbani. Nilikuwa nimeshusha visu mno, nikaacha vipara uwanja mzima. Sasa nimejua: kwanza napita naokota mawe na magunzi, napandisha visu juu, naingia umande ukishakauka. Watoto wanakuwa ndani kwa jirani, na hilo halina mjadala hata wakilia. Nyasi zinazotoka ni fupi kuliko zako, basi nazianika kwanza, nazitandaza nyepesi mbali kidogo na shina. Migomba haijalalamika.

Kisha baba mdogo akaja.

Sikumsikia kwa kelele za injini. Nilimwona tu amesimama langoni na fimbo yake, ananitazama juu ya kiti, kilemba kimeniteleza, miguu imejaa majani. Mwili wenyewe ulikumbuka ulivyonilea: niliruka chini nikapiga magoti nyasini. Mashine nayo ikazima palepale.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akaitazama mashine. "Hiyo nayo imeniamkia?"

"Nikinyanyuka inazima. Ni kwa ajili ya watoto."

"Mawe, mama wee! Mimi nilifikiri nitakukuta umekaa juu kama mkuu wa wilaya, unanipungia mkono." Akaanza kucheka, baba, kile kicheko chenu cha mabega. Nami nikacheka, nikiwa bado nimepiga magoti.

Alizunguka mji wote. Alisukuma blanketi la migomba kwa fimbo, akachungulia chini kuona unyevu. Pale kaburini mashine haisogei karibu, nakata kwa mundu, naye aliliona hilo bila kuambiwa. Aliporudi sikusubiri. Nilimwuliza, kwa adabu lakini nikimtazama: "Baba mdogo, na lile neno la dirisha?"

Akaenda mpaka chini ya dirisha, akapigapiga ardhi kwa fimbo kama anayetafuta kitu. "Fimbo haijapata nyasi za kupiga," akasema. "Mji una mtu. Kijana wangu atajenga kwake." Halafu, akiwa langoni: "Ule mfuko ukijaa, na migomba yangu inasikia baridi."

Nimempelekea, baba. Nimempelekea zilizokauka vizuri.

Bado nachoka. Mgongo unauma, Nyangoma anaota meno, mume wangu anaitamani pikipiki yake. Lakini asubuhi nanawa uso kwanza, ndipo nafungua dirisha, na macho yanafika mpaka kwako bila kuzuiwa na kitu.

Kato ameamka. Lala salama, baba. Redio nimeirudisha kwenye mkahawa.

Mwanao uliyemwachia mji,
mama wa mapacha