Koti la Mwenye Shamba

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Kwanza nataka kukujulia hali, na safari hii siulizi kwa mazoea: nataka kweli kujua kama u mzima. Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Mimi ndiye sijatulia. Tangu Jumatatu nikisikia pikipiki natoka nje, nikirudi ndani nimesahau nilichokuwa nikifanya. Jana nilitia chumvi mboga ileile mara mbili. Lile jina la Siafu ulilonibandika utotoni, leo nimelistahili.

Unalikumbuka shamba la bondeni, lile la mradi wa serikali, ambalo baba aliliandikisha kwa jina lako. Ulipoondoka uliniambia nikushikie msimu mmoja tu, utarudi kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Yametoa mara saba sasa.

Ruzuku ya serikali humlipa mwenye jina daftarini, si mwenye jembe. Bwana shamba wa zamani alijua hilo, na alijua hupo. Kila mwaka alipokuja kumpiga picha mwenye shamba kati ya mazao yake, aliniambia nivae koti lako la mvua na kofia yako, nisimame mbali, nigeuze uso kama ninayetazama mawingu. Malipo yakaingia kwenye laini ya simu uliyoiacha kabatini, nami nikanunua mbolea na kuchimbisha mtaro. Mama alikuwa akicheka, akisema kwenye picha zile umependeza kuliko ulivyo.

Sasa amestaafu. Aliyekuja badala yake ni bibi shamba, mdogo kwa umri, mkali kwa karatasi. Picha hazitaki, anataka kidole gumba cha mwenyewe, mbele ya macho yake. Mara ya kwanza nilimwambia umesafiri. Ya pili, unaumwa. Njia ya mwongo ni fupi, kaka. Jumatatu alinikuta napalilia, akaniambia kwamba mwenyewe asipoonekana wiki hii, shamba atapewa mwingine aliye kwenye foleni. Palepale, nimeshika jembe, nikaona miaka saba inaondoka.

Nimezunguka sana, acha niseme. Nilimwambia umefariki.

Sikupanga, lilinitoka. Alifunga faili, akanishika mkono, akaniambia naye amemzika kaka yake mwaka jana. Hapo ndipo nilipoona haya. Nilitaka kulirudisha neno, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Akasema mrithi anaweza kuweka kidole, mradi mzazi athibitishe, kwa hiyo tukapanda wote hadi nyumbani. Njiani nilijua Mama atanifichua, na nusu ya moyo wangu iliomba anifichue.

Mama alikuwa kizingitini akipukuchua maharage. Bibi shamba alimpa pole, akamuuliza kama ni kweli mwanawe hatunaye tena. Mama hakuinua uso. Alijibu kwamba ni kweli, na kwamba mwaka huu ni wa saba.

Mgeni alipoondoka nilidhani tutacheka, kama tulivyocheka picha. Mama aliomba koti lako, akalifua, akalianika, kisha akanipa akisema nilipunguze mikono.

Basi nimeweka kidole. Shamba ni langu, na kwa hilo sikuombi radhi. Radhi nakuomba kwa neno lenyewe, maana nilipolitamka, kaka, nilijisikia nimetua mzigo, na hilo linanitesa kuliko uongo. Ukitaka kufufuka, ofisi ya kilimo iko wazi siku za kazi, sitakupinga. Lakini kwa Mama hakuna karatasi itakayosaidia. Njoo mwenyewe mlangoni, na usikawie, kwa sababu siku hizi sitoki peke yangu. Pikipiki ikisikika barabarani, na yeye huuacha ungo wake akaja kusimama kando yangu.

Wasalimie wote ulio nao, na Mungu akuweke hai.

Mimi mdogo wako,
Siafu