Ukoo wa Pellowby Wamkana Baba

Tamsin usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Yule Averil wa Hull kamvua nguo baba mbele ya ukoo mzima!

Unamjua baba na jina letu. Miaka kumi na mbili anazunguka makaburi ya Lincolnshire akitafuta kina Pellowby. Mkutano wa leo kauandaa yeye. Ramani kaichora yeye: vijiji vitatu tu, na tawi moja lililohamia Hull. Watu thelathini na mmoja, ndio sote tuliobaki.

Basi anaeleza habari za babu wa tawi letu, wa 1791, kwa fahari kweli, Averil akasimama na nakala ya kitabu cha ubatizo.

"Desmond mpenzi, huyu hakuwa Pellowby. Ni kitoto kilichookotwa mlangoni pa kanisa. Kasisi alikosa jina la kukipa, akakipa la kijiji, Pellowby."

Baba akamwambia, "Lakini Averil, mimi ndiye niliyewakusanya."

"Na tunakushukuru. Mbwa wa kuokota ndiye huwa mwaminifu kuliko wote."

Mbwa, Tamsin! Alisema mbwa! Na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka wazee.

Baba akaanza kukusanya vikombe vya chai vya watu, kimoja kimoja, kama mhudumu.

Shoga, lililobaki sijamwambia mtu.

Na mimi nilicheka. Sijui kwa nini, kilinitoka tu, kwa sauti. Baba akageuka, akaniona.