Ubeti Waliouruka

Shoga, ndiyo natoka kwenye onyesho la bendi ya roki ya mjukuu wangu wa kike. Nimechoka, miguu si yangu. Na aibu niliyojitia!

Nyimbo zao nazijua zote, si wanafanyia mazoezi chumba cha pili? Leo wakaruka ubeti ninaoupenda, ule wa viatu vilivyobaki mlangoni. Mimi huyo nikasimama: "Nyie, mmeruka ubeti!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nimesimama, shoga, na mkoba wangu kifuani.

Mjukuu akanyamazisha magitaa. Akasema kwenye maiki, "Bibi, ule wa baba leo siuwezi."

Wa baba! Kumbe ni viatu vya marehemu mwanangu, nami mwaka mzima nauimba nikiosha vyombo.

Hakucheka mtu tena. Nikamwambia, "Basi urukeni tu, mama." Nikakaa.