Sarafu Juu ya Injini

Dada Vesna,

Hapa Coober Pedy joto ni lile lile, na mdogo wako ndiye fundi bingwa wa jangwa zima. Ukibisha, shauri yako.

Baba aliapa kwamba sitaondoka na gari lake kuukuu, ile Holden, mpaka sarafu isimame wima juu ya injini inayonguruma bila kukanyagwa mafuta. Ikisimama, ananipa ufunguo nije Adelaide kwenye kazi ya karakana uliyonitafutia.

Ugonjwa niliupata mimi. Kuna bomba la mpira linalorudisha mvuke wa tumbo la injini ukaungue. Mpira ukiachia, injini inavuta hewa ya wizi na kutetemeka kama mlevi. Nikafunga mpya. Sarafu ikasimama! Nikazima, nikamwita Baba, nikaingia ndani kunywa maji. Kuwasha tena, ikaanguka.

“Fundi wa mdomo,” akacheka. “Kanawe, tule.”

Ikawa hivyo kila nikirekebisha. Jana nikajibanza nyuma ya tangi la maji, nikamwona mzee mwenyewe akiuchomoa ule mpira, taratibu, kama anayemvua mtoto kiatu.

Mezani akanipa pande kubwa la nyama. “Zoran, injini inasemaje?”

“Bado inatetemeka, Baba.”

“Basi kula, mwanangu. Haraka ya nini?”

Tangu tumzike Mama, nyumba hii tuliyoichimba chini ya ardhi kukwepa joto ina watu wawili tu. Usiniambie nipande basi kama wewe. Wewe hukuiona mikono yake.

Mwambie mwenye karakana asinisubiri.

Mimi, bingwa wako,
Zoran