Mwaka Mmoja Bila Mzee Sote

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipoingia ndani ya mashine ya kuchanganyia sabuni kuisafisha, na mtu akaiwasha.

Kiwandani walikubandika jina, Mzee Sote. Uliyorithi kwa wazee wetu wa Kihindu hukuyaacha getini. Kila asubuhi, kabla mitambo haijaanza kunguruma, wewe na wenzako wanne mliunganisha viganja na kuinamiana. Ulisema Mungu yumo ndani ya kila mmoja, hata yule anayechelewa kila Jumatatu. Kazi ni ibada, uliwaambia, matunda yake usiyang'ang'anie. Sifa ikija ni yetu sote. Kosa likitokea, tumekosea sote.

Hata nyumbani! Ulipozidisha chumvi kwenye mboga ukasema, "Tumekosea sote." Mama akakujia juu: "Sote gani? Si umetia wewe?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ulipokufa, meneja aliwauliza wale wanne nani aliyebonyeza swichi. Wakajibu, "Sisi sote." Akawafukuza wote. Mama akawafuata majumbani kwao, mmoja mmoja, akawasihi wamtajie. "Ni sisi, mama." Hilo tu, hakuna la ziada. Tusikufiche, Baba, tuliyachukia mafundisho yako. Tulitaka jina. Tulilala nalo, tukaamka nalo, na hatukuwa nalo.

Leo asubuhi wamekuja, wamekonda, wamekaa kwenye kochi lako wakibanana. Mama akawapa chai. Watatu wakapokea vizuri. Kikombe cha wa nne kikaanza kugongagonga kwenye kisahani, chai ikamwagika mpaka kwenye zulia. Akafungua mdomo: "Mama, ni m..."

"Kunywa, mwanangu," Mama akamkatiza. Akachukua kitambaa, akapiga magoti kufuta. "Nimekijaza mno. Tumekosea sote."

Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akalia kwa kwikwi. Hatujui kama amesamehe. Sisi watoto wako bado hatujasamehe, Baba. Utuvumilie.

Unakumbukwa na mkeo. Binti zako wawili na mwanao. Dada yako mliyetaniana mpaka siku ya mwisho. Wajukuu ambao bado wanakuwekea kiti mezani. Na wenzako wa zamu moja.

Wote wanne.

Hutatutoka moyoni kamwe, sisi sote.