Mpira Uliogusa Nyasi

Dar es Salaam

Kwa kaka yangu Deusi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama maumivu ya mgongo yamempungua kidogo sasa baridi ya huko inapoisha. Mimi nipo, mwili hauna tatizo. Usingizi ndio unaonikatikia. Namwota marehemu mke wangu Oresta anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya mbele yako kwa kukuheshimu wewe shemeji yake, halafu naamka.

Barua yako ya kuniomba radhi niliipata zamani. Usidhani niliitupa. Kila nilipotaka kuijibu nilikosa pa kuanzia. Leo najaribu, na nitaanza na habari za kazini, univumilie.

Bado nipo kwenye kile kiwanja cha kriketi, nakata nyasi na kuvuta rola ya chuma ya kusawazishia ardhi. Juzi ilikuja timu ya nchi jirani kucheza na timu yetu ya taifa. Mchezo wenyewe, mmoja anatupa mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo bapa. Mpira ukidakwa kabla haujagusa nyasi, mpigaji ametoka, harudi. Mpigaji wetu wa mwisho alikuwa Bwana Jivan, fundi saa, mtu mzima, macho yameanza kumsumbua. Wote tulijua kwamba siku hiyo anaaga mchezo. Alikuwa anapiga vizuri, tumebakiza kidogo tushinde. Akaupiga mmoja chini chini. Mgeni mmoja mrefu akajitupa, akainuka ameushika juu. Mwamuzi alikuwa amezibwa na wachezaji, hakuona. Bwana Jivan akamwuliza mwenyewe:

"Umeudaka?"

"Nimeudaka."

Basi. Akaweka gongo kwapani akatoka. Ndiyo desturi yao, kaka, neno la mtu linatosha. Tukawa tumeshindwa.

Baadaye ikaletwa chai, na wote walipokwisha kukaa, yule mrefu akasimama. Akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Mpira uligusa nyasi. Nilijua. Naomba msamaha."

Hakuna aliyemjibu. Hata nahodha wake aliangalia chini. Nilipomwona amesimama peke yake namna ile nikashindwa kuvumilia. Nikachuchumaa pale pale kando ya rola, nikapiga makofi taratibu, kama sisi Wafipa tunavyompokea mtu aliyekuja kwa unyenyekevu. Mikono ilikwenda yenyewe.

"We Mfipa!" msimamizi akanipigia kelele. "Tumefungwa kwa wizi, na wewe unashangilia?"

Watu wakaangua kicheko. Yule mgeni akadhani namdhihaki, macho yakamjaa machozi. Nikasema, "Sishangilii, mzee. Kwetu mtu akinyenyekea hivi haachwi bila kujibiwa."

Bwana Jivan akaweka kikombe chini. "Kumbe umenijibia," akasema, wala hakuwa na hasira. "Lakini ndugu yangu, aliyekosewa ni mimi. Niachie nijibu mwenyewe."

Akamwendea, wakashikana mikono. Mgeni akamsihi mwamuzi matokeo yafutwe, wacheze tena. Mwamuzi akatikisa kichwa, mchezo ulikuwa umekwisha. "Nimekusamehe," Bwana Jivan akamwambia, "ila kurudi, sirudi tena." Akamkalisha karibu yake, akamwagizia chai nyingine. Lakini nilipokuwa nakusanya vikombe nilimkuta anaangalia kiwanja kitupu, glavu moja bado haijavuliwa.

Tangu siku hiyo sina raha. Kaka, wewe uliniandikia, "Mkeo hajambo, tumehamia kijiji kipya salama, usiache kazi." Nikaamini, maana neno lako lilinitosha. Kumbe alikuwa amelala mgonjwa kwenye kibanda kisichokwisha kuezekwa, na mvua zimeanza. Najua hukutaka mabaya. Ulidhani atapona, ukaogopa nisije nikafukuzwa kazi. Kwa upande wangu nimekusamehe. Sitaki uinamishe kichwa mbele yangu, wewe uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nilipokuwa nakwenda mafundisho ya komunyo. Lakini nikitaka kusema Oresta naye amekusamehe, naona namjibia. Aliyekosewa zaidi ni yeye, na sina pa kwenda kumwuliza. Nimemweleza padre wa hapa, akaniambia nisali. Nasali.

Nakuomba kitu kimoja. Niandikie siku zake za mwisho zilivyokuwa kweli. Usipunguze kwa kunihurumia. Kama aliniita, andika kwamba aliniita. Kama alinikasirikia kwa kutokuja, andika hivyo hivyo.

Nisalimie mama sana. Msalimie na shemeji, mkeo, aliyemwosha Oresta. Najua haikuwa kazi nyepesi. Katekista naye mpe salamu zangu, pamoja na majirani wote waliochimba kaburi.

Mwanangu Yustina mwambieni baba yake ni mzima. Likizo nimeomba, wamenikatalia, na sijui watanipa lini. Kwa hiyo akiuliza nakuja lini, msimwambie karibuni. Mwambieni hatujui.

Ni mimi mdogo wako,
Kizito