Sura ya Bima ya Maisha

Mwanza, 3 Mei 1998

Kaka Chenge,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Dar es Salaam. Sisi hatujambo, ila mama anateswa na magoti, na habari za kuvuka kutoka Nansio kuja kunitembelea hataki hata kuzisikia.

Kaka, nina shida. Tangu kampuni za watu binafsi ziruhusiwe kuuza bima, ofisi yetu hapa Nyamagana imepata washindani kila kona. Bosi wetu, Danish, ametuambia waziwazi kwamba mwenye cheti cha masomo ya bima atabaki na asiye nacho aage. Mtihani ni Novemba. Nimezunguka maduka yote ya vitabu, nimeambulia hesabu za darasa la saba na vitabu vya nyimbo za kanisani. Wewe uko karibu na chuo. Nitafutie, hata kimoja.

Mdogo wako,
Odeta

Dar es Salaam, 30 Mei 1998

Mdogo wangu Odeta,

Marahaba. Mimi mzima, ni mafua tu ya mvua hizi. Mpe mama pole ya magoti.

Kitabu kipo, kimoja tu, kwenye maktaba ya chuo, na hakitoki mlangoni. Mashine ya fotokopi imekufa tangu mwaka jana. Nimembembeleza mkutubi, amekubali niketi pale ninakili kwa mkono. Usiucheke mwandiko wangu. Pokea sura ya kwanza, nyingine zinakuja.

Kaka yako,
Chenge

Mwanza, 22 Agosti 1998

Kaka,

Shikamoo. Waendeleaje? Sisi tunasukuma siku.

Nimepokea bima ya moto, ya magari, ya vyombo vya majini. Jioni nakaa nikitazama kivuko cha Kamanga kikipakia magari, nakisia kila gari limekatiwa bima gani. Watu wananiona nimechanganyikiwa. Ila mwandiko wako umekuwa mdogo na unayumba. Unaumwa? Na sura ya bima ya maisha iko wapi? Umeiruka.

Mdogo wako,
Odeta

Dar es Salaam, 14 Septemba 1998

Odeta,

Marahaba. Mimi mzima. Hiyo sura achana nayo. Huko Mwanza mnakata bima za magari na marobota ya pamba, nani atakuuliza mambo ya maisha? Soma hizo ulizo nazo.

Kaka yako,
Chenge

Mwanza, 9 Januari 1999

Kaka,

Leo sina hata hamu ya salamu. Nimefeli. Nusu ya maswali yalikuwa ya bima ya maisha, nami nikabaki naikodolea macho karatasi. Danish amenipa nafasi ya marudio, Machi, na hakuna nyingine. Kama ulichoka ungesema, ningetafuta mtu mwingine. Umeniumiza sana.

Odeta

Dar es Salaam, 2 Februari 1999

Mdogo wangu,

Nisamehe. Leo sitasema mimi mzima. Naumwa tangu kabla hujaniomba kitabu.

Sura ile niliianza mara nyingi. Unajua nyumbani kwetu kifo cha mtu aliye hai hakitamkwi, mama alikuwa akituziba midomo. Sasa kitabu kinatoa mfano wa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye homa zisizokwisha, anayepungua mwili, kisha kinaeleza kwa nini kampuni isimkatie bima. Nilijisoma mimi. Nikaogopa kuuandika mfano huo kwa mkono wangu na kukutumia wewe. Nilifanya upumbavu, nawe ndiye uliyelipa.

Sasa kufika chuoni siwezi tena. Usimwambie mama.

Kaka yako,
Chenge

Mwanza, 26 Februari 1999

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama posta, watu wakanikalisha. Naijutia ile yangu ya Januari, kila neno.

Napanda treni Jumatatu. Siku ya marudio nitakuwa huko kwako. Danish nimeshamuaga, akanipa mkono. Usijisumbue kuniandikia nibaki kwa ajili ya mtihani.

Nilivuka hadi Nansio, nikamwambia mama naenda kufuata vitabu. Amekukaangia dagaa mfuko mzima, halafu akaingia ndani akafunga mlango.

Nisubiri, kaka. Tafadhali nisubiri.

Mdogo wako,
Odeta